Maoni yangu kuhusu kozi ya sentensi za Kiingereza: anza na masomo ya kitenzi

Nimemaliza ile kozi ya onlaini inayofundisha sentensi za Kiingereza peke yake, aina zake na sehemu zake, bila kuchanganya na msamiati wala matamshi, na kwa vile watu wanauliza sana kama inafaa nimeona nikae niandike kwa kirefu. Jina la wenye kozi naliacha, maana kuna mahali nitawakosoa na ninachojadili ni masomo yenyewe. Na hata kama we unatumia kozi nyingine kabisa au una kitabu chako cha sarufi, soma tu, haya mambo ni yaleyale popote, sentensi ya Kiingereza haibadiliki kwa sababu mwalimu kabadilika.

Jibu la haraka ni kwamba inafaa, naipa nyota nne kwa tano, ila imepangwa vibaya. Ina sehemu tatu. Ya kwanza inafundisha aina za sentensi kwa kazi yake, yaani taarifa, swali, amri na mshangao, ya pili inaingia kwenye sehemu za sentensi, ya tatu inarudi tena kwenye aina ila safari hii kwa muundo, sahili, ambatano, changamano na ile inayochanganya hizo mbili za mwisho. Ushauri wangu ruka ya kwanza, nenda moja kwa moja kwenye ya pili alafu ndo urudi nyuma. Hizo aina zote kama hujui kitenzi kinadai nini zinabaki kuwa majina ya kukariri tu, mtu anakutajia zote bila kukosea alafu anaandika aya nzima isiyo na sentensi hata moja iliyotimia.

Sehemu ya pili ndo roho ya hii kozi kwa kweli. Mwalimu haanzi na kiima kama tulivozoea, anaanza na kitenzi. Anakiandika katikati ya ubao peke yake alafu anauliza, hiki kitenzi kinadai nini ili sentensi itimie? "Sleep" hakidai kitu zaidi ya mwenye kulala, "The baby slept", basi, weka nukta. "Break" kinadai anayevunja na kinachovunjwa, "He broke the window". "Give" kinadai watatu, anayetoa, anayepewa na kitu chenyewe, "She gave him the keys". Alafu anafika kwenye "put", na hapo ndo nilipoanza kuipenda kozi. Andika "She put the keys" uone, kila anayesoma anabaki anasubiri, kaziweka wapi? Lazima umalizie "She put the keys on the table". Sasa wengi tumefundishwa kwamba chagizo, yaani maneno ya mahali, wakati au namna, ni nyongeza, unaiondoa na sentensi inabaki salama, na kwenye sentensi nyingi ni kweli, lakini kwa "put" ukiiondoa sentensi inakufa. "Live" cha kuishi mahali nacho ni hivohivo, "They live in London" inasimama vizuri, ukikata ikabaki "They live" umeshasema jambo lingine kabisa, kwamba wako hai.

Ukijumlisha unapata mipangilio saba tu. Saba! Hiyo hesabu inatoka kwa wanasarufi wanne, Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, kwenye sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, na kozi inaitumia kwa herufi zilezile, S ni kiima, V ni kitenzi, O ni yambwa ambayo wengine mnaiita shamirisho, C ni kijalizo, yaani kinachoeleza kiima au yambwa ni nani au ikoje, A ni chagizo. Kwa hiyo "The baby slept" ni SV, "He broke the window" ni SVO, "She is a doctor" ni SVC, "They live in London" ni SVA, "She gave him the keys" ni SVOO, "The news made him angry" ni SVOC, na ile ya funguo mezani ni SVOA. Karibu kila sentensi ya kawaida ya Kiingereza utakayokutana nayo, hata iwe na mistari sita, ukiivua mapambo yake chini yake utakuta mmojawapo wa hii saba. Mi nadhani hili ndo jambo moja kubwa ambalo kila anayejifunza Kiingereza angepaswa kuambiwa mapema, kwamba hizo sentensi zinazotisha kwenye magazeti na mikataba chini yake kuna mifupa saba tu.

Ukiwa na hiyo mipangilio unaanza kuona mambo ambayo zamani yalikuwa yanakupita. Chukua "I found the book easy" na "I found the book easily". Ya kwanza ni SVOC, nilikiona kitabu ni rahisi, ya pili kuna chagizo, nilikipata kitabu bila shida. Au "He called me a taxi" na "He called me a fool", maneno yanafanana karibu yote lakini ya kwanza kuna yambwa mbili, aliniitia teksi, na ya pili kuna yambwa moja na kijalizo chake, aliniita mpumbavu. Mwalimu hapa katulia kabisa, mfano baada ya mfano, wala hana haraka. Na anakupa kipimo cha kutofautisha yambwa na kijalizo ambacho kinafanya kazi mara nyingi, jaribu kuigeuza sentensi iwe ya kutendwa. "He broke the window" inageuka "The window was broken", kwa hiyo "the window" ni yambwa. "She became a doctor" haigeuki hata ufanyeje, kwa hiyo "a doctor" ni kijalizo, ni yeye huyohuyo anaelezewa, hakuna mwingine anayefanyiwa kitu. Kuna vitenzi vichache vinagoma hata vikiwa na nomino nyuma yake, kama "have" na "weigh", na mwalimu anavitaja, sio kwamba kaficha.

Masomo ya kiima nayo ni mazuri na hapa sisi tunaotoka kwenye Kiswahili tunatakiwa tukaze macho. Kwetu kiima kinakaa ndani ya kitenzi, ukisema "wamefika" umemaliza, huyo wa- keshabeba mzigo. Kiingereza hakikubali. Kila kitenzi kilichoonyesha wakati lazima kiwe na kiima chake kinachoonekana nje, hata kama hakuna mtu wala kitu cha kutaja, ndo maana wana "It is raining" na "There are two windows", hiyo "it" haimrejelei mtu yeyote, imewekwa pale ili kiti kisikae wazi. Kwa hiyo mtu wetu anaandika "Is raining" au "Is important to read" na anaona iko sawa kwa sababu kichwani inasikika imekamilika. Na kuna upande wa pili wa jambo hilohilo, "My teacher he is strict", "The students they are reading", hapo mtu kaweka kiima alafu akakirudia, kwa sababu Kiswahili kinarudia, wanafunzi wa-nasoma, kile kiambishi tunakihamishia kule kikawa neno zima. Kozi inalitaja hili haraka sana, vidio moja fupi, na ni kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya watu wa lugha zote, naelewa, lakini kwa msomaji wa Kiswahili hapa ndo pa kukaa. Mazoezi yake pale yarudie mpaka yachoshe.

Kipimo cha kutafuta kiima alichotoa nimekipenda kuliko ile habari ya "kiima ni mtenda", maana kwenye "The window was broken" dirisha halijatenda kitu na bado ndo kiima. Yeye anasema geuza sentensi iwe swali la ndiyo au hapana, alafu angalia kitenzi kisaidizi kimeruka nini. "The boys in the back row are noisy", swali lake "Are the boys in the back row noisy?", basi kile kipande chote kilichorukwa, "the boys in the back row", ndo kiima, na ndani yake mkuu ni "boys". Ukishamjua mkuu upatanisho hausumbui tena. "The list of names is long", ni orodha ndo ndefu, "names" limekaa tu karibu na kitenzi na ule ukaribu ndo unadanganya watu waandike "are". Zoezi la hapa lina sentensi ambazo kati ya kiima na kitenzi kumejazwa maneno kumi na zaidi, ni zito lakini linafunza.

Kuna na chombo cha kuchora sentensi ambacho sikutegemea kitanifaa na kimefaa sana. Ni ule mchoro wa Reed na Kellogg, Wamarekani wawili waliouchapisha mwaka 1877, unachora mstari mmoja wa kulala, kiima upande wa kushoto, kiarifu, yaani kitenzi na yanayokifuata, kulia, katikati yao mstari wa kusimama unaokata mpaka chini. Yambwa inatengwa na kitenzi kwa kamstari kafupi kanakoishia kwenye mstari mkuu bila kuupita, kijalizo kinatengwa na mstari ulioinama kurudi kwa kiima, kwa hiyo hata kwa jicho unaona kijalizo kinamwelekea nani. Vivumishi na vielezi vinaning'inia chini ya neno vinaloeleza. Ukichora sentensi kama kumi hivi unaanza kuuliza kila neno swali moja, we unaning'inia kwa nani? Na hilo swali ndo sarufi yenyewe, mengine yote ni majina.

Jaribu kuchora "The old man the boat". Wengi wanasoma "the old man" alafu wanakwama maana hakuna kitenzi. Kitenzi ni "man", kwa maana ya kuhudumu chomboni, na kiima ni "the old", wazee. Kozi inautumia mfano huu kuonyesha kwamba Kiingereza kinategemea nafasi ya neno kuliko umbo lake, na hapo inaingia historia kidogo. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya mwisho vinavyoonyesha nani anatenda na nani anatendwa kama Kilatini, kwa hiyo maneno yaliweza kuhamahama zaidi, viambishi vilipopotea kwa karne nyingi mpangilio ukakaza, na leo "The dog bit the man" na "The man bit the dog" ni habari mbili tofauti kwa sababu ya nafasi tu. Fupi na imeeleweka.

Ila hapohapo kwenye historia kuna kitu kimeniudhi. Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa ni ya William Bullokar, mwaka 1586, na aliiweka kwa kufuata sarufi ya Kilatini. Kozi yenyewe inasema hivo, inasema kabisa kwamba Kilatini kiliwapa Waingereza miongozo ambayo mingine haikuwa ya lugha yao. Alafu masomo mawili mbele inakukataza kumaliza sentensi kwa kihusishi, neno kama "to"! Eti "Who are you talking to?" ni kosa. Sio kosa. Ni Kiingereza cha kila siku, wanakizungumza na wanakiandika wenyewe, ukikilazimisha kiwe "To whom are you talking?" kila mahali unaonekana unasoma hotuba. Robert Lowth alipoandika sarufi yake mwaka 1762 na kuzungumzia jambo hili alisema ni tabia ambayo lugha yenyewe inaielekea sana, yeye akaona tu kwamba kwenye uandishi wa heshima inapendeza zaidi kihusishi kikitangulia. Sasa ushauri wa mtindo umegeuzwa kuwa sheria na mwanafunzi anapoteza alama kwenye kwizi kwa sentensi iliyo sahihi, hilo halikubaliki.

Na kwizi ndo mlango wa kuingilia lawama zangu za sehemu ya kwanza. Masomo ya aina kwa kazi, taarifa na swali na amri na mshangao, yamefundishwa kwa alama ya mwisho. Ukiona nukta ni taarifa, ukiona alama ya kuuliza ni swali, ukiona alama ya mshangao ni mshangao, somo limeisha. Hii ni njia rahisi lakini inapotosha. "This house is beautiful!" ni sentensi ya taarifa iliyosemwa kwa hisia, muundo wake ni kiima, kitenzi, kijalizo, hakuna kilichobadilika. Sentensi ya mshangao kwa muundo ni "What a beautiful house this is!" au "How quickly she runs!", inaanza na "what" au "how" na kile kipande kinavutwa mbele ya kiima. Sio mimi nimejitungia, England mwaka 2016 wizara ya elimu ilitoa ufafanuzi kwa ajili ya mtihani wa watoto wadogo kwamba sentensi ya mshangao lazima ianze na moja ya maneno hayo mawili na iwe na kitenzi. Kulikuwa na ubishi mwingi sana, watu wakasema wanawabana watoto, na mi pia naona kuwapima watoto wadogo kwa hilo ni kuwachosha bure, lakini tofauti yenyewe ya muundo ni ya kweli, na kozi ya watu wazima inayojiita ya kina haina sababu ya kuiruka.

Vilevile hakuna mahali wanapotenganisha umbo la sentensi na kazi ambayo msemaji anaitaka. "Could you close the door?" umbo ni swali, anachotaka ni ufunge mlango, ukimjibu "Yes, I could" ukabaki umekaa umeelewa maneno hujamwelewa mtu. "You're coming with me?" umbo ni taarifa, sauti ndo inauliza. Haya mambo kwenye barua pepe za kazini yana uzito mkubwa, kwa sababu Kiingereza kinapenda kuficha amri ndani ya swali, na mtu aliyefundishwa kwa alama za mwisho tu ataandika "Send me the file" kwa mkuu wake akidhani kaandika ombi la kawaida.

Amri wameifundisha vizuri kidogo. Wanasema kiima chake kimefichwa na ni "you", na wanatoa ushahidi, sio kukuambia uamini tu, unasema "Behave yourself", huwezi kusema "Behave himself", na ukiweka kile kiswali cha mwishoni inakuwa "Close the door, will you?", kwa hiyo huyo "you" yupo hata kama haonekani. Upande wa maswali wameeleza "do" vizuri, jinsi "You like it" inavyoomba msaada wa "do" ikawa "Do you like it?", na wakagusia kwamba enzi za Shakespeare mtu aliweza kusema "What say you?" bila huyo msaidizi. Walichokiacha ni kwamba ukiuliza kuhusu kiima "do" haiji, "Who broke the window?", lakini ukiuliza kuhusu yambwa inakuja, "Who did he call?". Kama umeshapita sehemu ya pili utaona sababu mwenyewe, kwenye swali la kwanza kiima kiko mahali pake hakijarukwa na mtu. Na wameacha pia swali lililomezwa ndani ya sentensi nyingine, "I don't know where he is", ambayo watu wanaiandika "I don't know where is he" kila siku. Ikishakuwa kishazi tegemezi, yaani kipande chenye kitenzi chake lakini kisichosimama peke yake, inarudi kwenye mpangilio wa taarifa, kiima kwanza.

Sehemu ya tatu ina mazuri mengi. Jambo la kwanza wanalokuondolea ni ile imani kwamba sahili maana yake fupi. "After a long meeting in the main hall, the tired members of the committee walked slowly to their cars" ni sahili, kitenzi kimoja, kishazi kimoja. "I left because it rained" ina maneno matano na ni changamano, kwa sababu kuna kishazi huru na kishazi tegemezi. Kinachohesabiwa ni vishazi, wala sio maneno. Viunganishi vya kuunganisha vishazi huru kwa usawa, yaani kutengeneza ambatano, ni vile saba vinavyotajwa siku zote, for, and, nor, but, or, yet, so, na wanakuonya kwamba "however" hayumo, kwa hiyo "I was tired, however I continued" haijaungwa sawasawa, tumia nukta au nukta mkato kabla yake. Hali kadhalika koma peke yake haina nguvu ya kubeba sentensi mbili, "I was late, I missed the bus" ni kosa linaloonekana haraka sana na msahihishaji yeyote, na kwetu linaingia kirahisi kwa sababu kwenye Kiswahili tunaunganisha hivo na inapendeza tu.

Ongezea na lile la "Although he was tired, but he continued". Kiswahili kinaruhusu "ingawa alikuwa amechoka, lakini aliendelea", tena inasikika vizuri. Kiingereza kinataka kimoja kati ya hivyo viwili, ukiweka "although" umeshafanya kishazi cha kwanza kiwe tegemezi, ukiongeza "but" unadai viwe sawa, haviwezi kuwa tegemezi na sawa kwa wakati mmoja. Kozi haijalisema, nalisema mimi.

Somo bora la sehemu ya tatu, na nitathubutu kusema la kozi nzima baada ya lile la "put", ni la kesi ya madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo ilitaja kazi ambazo hazilipiwi ovataimu, na orodha inaishia na "packing for shipment or distribution of" alafu bidhaa zinatajwa. Hakuna koma baada ya "shipment". Madereva walikuwa wanadai ovataimu yao, na wao wanasambaza, hawafungashi. Je "distribution" ni kazi inayojitegemea kwenye orodha, au ni sehemu ya kirai, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza? Mwalimu anachora njia zote mbili kwenye mchoro na zote zinakubali. Alafu anakuonyesha hoja ya upande wa madereva ambayo ni ya sarufi tupu, kazi nyingine zote kwenye orodha zinaishia na -ing, canning, processing, preserving mpaka packing, lakini "shipment" na "distribution" haziishii hivo, zinafanana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo zinaonekana zote mbili ziko chini ya "for". Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona sheria ina utata na ikaamua kwa faida ya madereva, na mwaka 2018 kampuni ikamaliza shauri kwa dola milioni 5. Kila anayeuliza sehemu za sentensi zina faida gani nje ya darasa mpeleke kwenye hilo somo.

Vishazi rejeshi navyo vimepewa nafasi yake. "My brother who lives in London is a doctor", bila koma, maana yake nina kaka zaidi ya mmoja na nakutajia yupi. "My brother, who lives in London, is a doctor", na koma zake mbili, kaka ni huyo mmoja na London ni habari ya ziada. Kwenye maongezi sauti inafanya hiyo kazi, kwenye maandishi ni koma tu. Kilichonisikitisha ni kwamba vishazi vinavyofanya kazi ya nomino vimepewa dakika chache mno, "What she said surprised me", hapo kishazi kizima ndo kiima cha sentensi, na bila kuelewa hilo nusu ya sentensi ngumu za Kiingereza hazifunguki.

Upande wa programu ya kusahihisha, mi sijaridhika. Inaonekana inahesabu viunganishi. Ukiandika "He came in and sat down" inakuambia ni ambatano kwa sababu imeona "and", wakati kiima ni kimoja chenye vitenzi viwili na masomo yao wenyewe yanaiweka kwenye sahili. Ukikosa haikuambii sababu, inaweka nyekundu tu na kukupa jibu. Kwa mtu anayejifunza mwenyewe bila mwalimu sababu ndo kila kitu. Vidio zenyewe ni safi, sauti inasikika vizuri, maandishi ya chini yapo na yanapatana na anachosema.

Wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wanaisifia sana kozi hii, na ni kweli kwamba upana na usahihi wa sarufi ni robo ya alama za uandishi pale, na wasahihishaji wanaangalia kama unaweza kutumia miundo mbalimbali. Lakini sehemu ya tatu ina somo linalokuhimiza ujaze changamano kila mstari, na huo ushauri usiufuate. Usahihi uko kwenye kigezo hichohicho. Sentensi sahili iliyosimama katikati ya ndefu mbili inasomeka vizuri na haikupunguzii kitu.

Kwa hiyo kama unaandika Kiingereza kila siku na unahisi sentensi zako zinateleza bila kujua wapi, chukua, sehemu ya pili peke yake inatosha. Kama unaanza kabisa na vitenzi vya kawaida bado havijakaa, subiri kwanza, itakuzidi. Na wenye kozi kama mnasoma hapa, naomba mambo matatu, kwizi ya mshangao ikubali muundo badala ya alama, ile sheria ya kihusishi mwishoni iondoeni, na kila jibu jekundu liwe na mstari mmoja wa sababu chini yake. Mkifanya hivo narudi kuongeza nyota ya tano.